Likasi ilijengwa kwa watu wasiozeeka



Mwezi uliopita familia yetu ilikutana juu ya nyumba. Munajua mikutano ya namna hiyo: viti vya plastiki chini ya mwembe, baba mkubwa katikati, mashangazi pembeni, na sisi wenye diploma tunaitwa tu wakati kuna karatasi ya kusoma. Nyumba yenyewe ni ya nkambo wetu mwanamuke, hapa Panda, katika zile kambi za zamani. Nkambo amepita miaka 80. Nkambo mwanaume alishaenda zamani. Baba mkubwa anaishi Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka hapa, na alikuja na neno moja: nyumba iuzwe, mama ahamie kwake.

Sababu alizitoa, na si sababu za kipuuzi. Robine ya avenyi imekauka, maji ni ya kwenda kuchota mbali. Mfereji mbele ya nyumba umebomoka, kila mvua unazidi kupanuka, na mwaka jana nkambo alianguka mule akitoka kanisa. Moto haziingii tena kwa avenyi yetu wakati wa masika. "Mama atafia hapa peke yake," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye uchungu, si ya mtu anayetafuta pesa ya parsele.

Nkambo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja: "Kule kwako, asubui nitalamukia nani?"

Hakuna aliyejibu. Mukutano ukaahirishwa.

Mimi nilisoma historia, masomo ambayo kwetu yanachekwa sana ("utakula miaka?"). Lakini lile swali lilinirudisha kwenye madaftari yangu. Niliona kwamba tunachokiita shida ya mama yetu kilianza zamani, kabla yeye hajazaliwa, siku watu walipokaa na karatasi kupanga mji huu.

Tuende haraka katika mwanzo, wengi munaujua. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, ikaendelea kuelekea Kambove na kupita hapa. Viwanda vya Panda vikasimama, na mwaka 1929 Shituru ikaanza kutoa shaba kwa njia ya umeme. Mwaka 1931 mji ukapewa jina la injinia Jean Jadot: Jadotville. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Katikati ya hayo yote kuna kitu kimoja ambacho vitabu vinakipita haraka: mfanyakazi alikuwa nani, na alitarajiwa kukaa muda gani?

Mwanzoni alikuwa kijana. Siyo kwa bahati; alichaguliwa kwa ujana wake. Bourse du Travail du Katanga, iliyoanza 1910, ilikuwa inatafuta vijana wenye kifua, na wengine walitoka mbali: Luapula, Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, baadaye Ruanda-Urundi. Walifanya kazi miezi michache, wakarudi kwao. Wengi hawakurudi, kwa sababu magonjwa ya kambi yaliwamaliza. Mtu wa miaka 50 alikuwa na kazi gani katika mpango wa namna hiyo? Hakuwa nayo. Alikuwa kijijini, na huko alitakiwa abaki.

Kisha, kuelekea 1927 na 1928, kompani ikabadilisha akili. Kuleta watu wapya kila mara kulikuwa kunakula pesa, na watu wenyewe walikuwa hawatoshi. Ikaanza siasa ya kuwatuliza wafanyakazi kambini: kontra ya miaka mitatu, ruhusa ya kuja na mke, nyumba, posho, shule, dispansere, watoto kupimwa kilo. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyeiongoza kwa miaka mingi, na mwaka 1946 akatoa kitabu kuhusu miaka ishirini ya kazi hiyo, akijivunia matokeo yake. Ukiangalia picha za wakati ule utaona mama na mtoto kwenye mizani, mfanyakazi mbele ya nyumba yake, wanafunzi katika mistari. Mimi nimeangalia nyingi. Mzee nimemtafuta bila kumuona.

Hapo ndipo mambo yanaponivutia, nikae kidogo. Siasa ile ilikuwa na hesabu ndani yake. Mtoto aliyezaliwa kambini atazoea sireni, atasoma kidogo, atakuwa mfanyakazi wa kesho. Mwanamke atapika, atamfanya mume asikimbie. Kila mtu alikuwa na nafasi yake kulingana na kazi. Nyumba ilikuwa ya kazi. Posho ilikuwa ya kazi. Hata daktari alikuwa wa kazi. Sasa kazi ikiisha? Nkambo mwanaume, aliyekuja kutoka upande wa Kabongo katika miaka ya 1950, alikuwa anatuambia hivi tukiwa watoto: "Kazi ikiisha, njo mutu anarudia kwabo. Balituambia vile siku ya kwanza." Kijiji ndicho kilikuwa pansioni. Kompani ilichukua nguvu ya mtu, na kijiji kilimpokea wakati nguvu zimekwisha, bila kompani kulipa kitu kwa kijiji. Bei ya shaba ilipoanguka baada ya 1929, jambo hilo lilionekana wazi mchana: maelfu ya wafanyakazi walirudishwa makwao kwa muda mfupi, kana kwamba kijiji ni gala ya kuwekea watu.

Asiyetaka kurudi alitafuta njia. Dekreti ya 1931 ilikuwa imeanzisha zile centres extra-coutumiers, maana yake mitaa ya Waafrika isiyo ya kompani na isiyo ya mfalme wa kimila. Kwetu ni Kikula. Ndiyo maana mpaka leo Kikula na Panda hazifanani hata kwa macho: kule parsele imekatwa, ikajengwa na mwenyewe, mzee yuko mwenye nyumba, huku nyumba zimepangwa kama meno, na mzee alikuwa mgeni anayengoja kutolewa.

Sitaki mtu aseme kwamba naliona jambo la kambi kwa ubaya mtupu, wala kwa utamu. Wako wazee wanaolia juu ya wakati wa Union Minière, kwamba chakula kilikuwa kwa wakati na barabara zilifagiliwa. Ni kweli zilifagiliwa. Ni kweli pia kwamba Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma kwa sababu ya mshahara walipigwa risasi, Elisabethville na hapa kwetu vilevile. Mambo yote mawili yalitoka mkono mmoja.

Sheria ya pansioni kwa wafanyakazi wa Kongo ilikuja mwishoni kabisa, dekreti ya tarehe 6 Juni 1956, miaka minne kabla ya uhuru. Fikiri: miaka hamsini ya kuchimba, kisha ndipo serikali inakubali kwa maandishi kwamba mfanyakazi mweusi anaweza kuzeeka. Mwaka 1961 ikaja INSS, ambayo leo ni CNSS. Mwaka 1967 Union Minière ikataifishwa, ikawa Gécomin, baadaye Gécamines, na mambo mengi ya kambi yakaendelea: hopitali, shule, chakula. Lakini sasa kulikuwa na kitu kipya. Wale watoto waliopimwa kilo walikuwa watu wazima, wengine wameshakaribia kustaafu, na hawakuwa na kijiji cha kurudia. Kijiji chao kilikuwa avenyi. Ukimuuliza mmoja wao kwao ni wapi, anakutajia namba ya nyumba.

Mji haukupata nafasi ya kujipanga upya kwa ajili yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ukabomoka. Mwaka 1991 ukaja uporaji. Kufika 1994 shaba ilikuwa chini ya tani 40,000, na mwaka huohuo bei katika nchi zilipanda zaidi ya 9,000 kwa mia. Hesabu hiyo ya mwisho isomeni tena. Mtu aliyechanga pansioni miaka thelathini aliamka akaona mchango wake haununui sabuni.

Na katikati kuna 1992. Wengine hawapendi tukiandike, lakini mwanafunzi wa historia ya Likasi akikiruka, aache hii kazi. Kati ya Agosti na miezi iliyofuata, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, na maelfu kwa maelfu walikaa kwenye gare ya Likasi wakingoja treni. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa, watoto wa wale walioletwa na kompani. Wazee na watoto wadogo ndio waliokufa haraka zaidi, pale gare na ndani ya mabehewa. Waliambiwa "rudini kwenu", neno lilelile walilokuwa wanaambiwa wazee wa kambi tangu zamani, sasa likiwa na panga nyuma yake. Nkambo alipoteza majirani wanne katika avenyi moja. Mmoja wao ndiye aliyemsaidia kuzaa baba yangu. Nkambo akitembea, mpaka leo, nyumba hizo anaziita kwa majina ya waliotoka, hata kama wanaoishi humo ni watu wengine kabisa.

Mwisho wa habari hii ya kompani ni 2003 na 2004. Kwa pesa za Benki ya Dunia, Gécamines iliondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika ule mpango wa départs volontaires. Walengwa walikuwa wale wenye miaka 25 na zaidi ya kazi. Kwa maneno mengine, ndani ya miezi michache Likasi, Kolwezi na Lubumbashi zilipata umati mzima wa wazee kwa mpigo, kila mmoja na bahasha ya mwisho mkononi. Wengi walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Walilipwa mara moja, wakatoka. Wengine walinunua teksi ikafa, wengine walifungua duka, wengine walilipia watoto chuo (kati yenu munaonisoma wako waliosoma kwa bahasha ile, na munajijua). Wengine bado wanadai kwamba hesabu haikuwa sawa, na wamedai kwa miaka.

Basi hapa tuko. Mji wa vijana, sasa umejaa wazee.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya miji inayofaa wazee. Waliuliza watu wa miji 33, Nairobi ikiwa mmoja wao, na wakapanga mambo katika mafungu manane: njia na majengo, usafiri, nyumba, kushiriki na wenzako, heshima, kazi na uraia, habari, na huduma za afya. Wengi wetu tukisikia "mji wa wazee" tunafikiri ni nyumba ya kuwafungia watu wasio na jamaa, jambo la Wazungu. Mwongozo hausemi hivyo. Unazungumza juu ya benchi, kivuli, choo cha karibu, hatua ya ngazi isiyo juu sana, dereva anayengoja mtu akae kwanza ndipo aondoke. Na kwetu Katiba ya 2006, kipengele cha 49, inasema mtu wa umri wa tatu ana haki ya hatua za pekee za kumlinda. Kwa hiyo sheria iko.

Niliamua kuipima karatasi kwa miguu. Siku ya Jumanne nilimsindikiza nkambo sokoni, nikiwa na kalamu. Mimi njia ile naenda dakika kumi na tano. Pamoja naye ilikuwa saa moja na dakika tano, na tulisimama mara sita. Mara ya kwanza kwenye mfereji: alishika ukuta, nikamshika mkono, akaniachia mkono, akapita mwenyewe kwa kukaa chini na kuteremsha miguu. Mara ya pili kwenye jiwe mbele ya nyumba ya mjane mmoja, na hapo ndipo nilielewa kitu. Nilifikiri anapumzika. Kumbe mjane alishatoka na kopo la maji. Waliulizana juu ya mguu, juu ya mjukuu aliye Kolwezi, juu ya mahubiri. Mara ya tatu kwa fundi umeme wa zamani, anayekaa mlangoni na redio isiyo na kifuniko. Mara ya nne chini ya jakaranda, peke yetu, na hapo kweli alikuwa amechoka. Hakukuwa na mahali pa kukaa isipokuwa mzizi. Mara ya tano kwa mama muuza lenga-lenga, aliyemtolea kigoda bila kuulizwa. Mara ya sita kwa mlango wa soko, kusubiri moto zipite.

Kurudi tulichukua moto. Dereva, kijana wa umri wangu, alimwita "nkambo" na akaenda polepole, lakini alituacha mwanzoni mwa avenyi kwa sababu ya mashimo.

Usiku niliweka orodha ya manane pembeni ya daftari langu. Heshima, anayo. Wenzake, anao, na hakuna mhandisi aliyempa. Aliwajenga yeye mwenyewe kwa miaka sitini ya kulamukiana. Vinavyokosekana ni vya saruji na bomba: maji, mfereji, kiti, njia ambayo moto inaweza kupita. Baba mkubwa alikuwa anataka kumpeleka kwenye saruji na bomba, aache wengine wote nyuma. Yeye aliona wazi alichoambiwa akiache.

Kuna kitu kingine, na hiki kinaniuma kukisema. Wapangaji wa kambi, pamoja na nia yao, walielewa umbali. Dispansere, shule, robine, kanisa, vyote viliwekwa mahali ambapo mtu anafika kwa miguu, kwa sababu dakika ya mfanyakazi ilikuwa pesa ya kompani. Leo tunajenga mitaa mipya pembezoni ambapo hata kijana anahitaji moto kununua chumvi. Mtu anayechora lotisima leo angefaa apite kambini kwanza na mzee mmoja, si kujifunza posho na sireni, bali kuhesabu hatua.

Na pesa? Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumpa kila mtu mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alifanya kazi ya mshahara au hapana. Kenya nayo ikafuata na malipo kwa wenye miaka 70. Si pesa nyingi. Lakini nkambo, aliyefua nguo za mfanyakazi miaka yote ile na kulea wafanyakazi wengine sita, katika daftari la pansioni ya mchango yeye ni mjane wa namba fulani tu. Mpango wa Zanzibar unamwona kama mtu. Mimi ningependa tuujadili sisi wenye diploma kabla ya kukimbilia kuomba nafasi katika kompani za Wachina.

Juzi familia ilikutana tena. Nilisoma karatasi yangu, dakika kumi, na shangazi mmoja alisinzia. Baba mkubwa hakusinzia. Alisema hakubaliani na nusu, hasa pale juu ya Lubumbashi, kwamba kwake pia kuna majirani. Kisha akauliza nkambo anatembea na nani akienda kanisa.

Nyumba haiuzwi mwaka huu. Binamu yetu anayeanza Chuo Kikuu cha Likasi atalala chumba cha nyuma bila kulipa, maji ni kazi yake. Baba mkubwa atatuma pesa ya mbao na saruji kidogo ili tufunge mfereji mbele ya mlango, na tutazungumza na nyumba tatu za jirani, kwa sababu mfereji hauishii kwetu. Tulikuwa tunapima upana kwa kamba. Fundi alisema nusu mita inatosha mtu kupita.

"Nusu mita ni ya mutu moja," nkambo akasema. "Mi napitaka na mwenzangu."

Tukapima upya.